SOMO: Fundi umeme wa mtaani, pata cheti na leseni bila kuanza chuo upya

Wakuu, kila wiki naulizwa hili hili: "nimejifunzia site, nitapataje leseni?" Naandika mara moja. Ukiniuliza tena nakuelekeza hapa. Ni kwa Tanzania Bara.

1. Jua ulipo. Vyeti vya zamani vya Trade Test, Grade I ndiyo ilikuwa ya juu. Vya sasa vya NVA (tuzo za taifa za ufundi stadi) ni kinyume, Level III ndiyo ya juu. Nimeshaona mtu akijitapa na Level I mbele ya mzee wa Grade I. Aibu niliiona mimi.

2. Nenda VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) iliyo karibu nawe, uliza urasimishaji wa ujuzi. Ni kwa waliojifunzia kazini. Gharama na tarehe waulize wao.

3. Kusanya ushahidi: picha za kazi zako, hasa DB (boksi la breka) ikiwa wazi kabla hujafunga kava. Picha ya taa inayowaka haisemi kitu.

4. Kupimwa. Hapa ndipo nilipoumbuka. Nilikuwa na miaka tisa ya kusukuma waya, nikaingia kifua mbele. Nikaambiwa nipige mega (kifaa cha kupima kama waya unavujisha) kati ya waya wa moto na nyutro. Nikaweka volti 500, nikabonyeza, sindano ikalala karibu na sifuri. Nikatangaza: "Waya umeungua, tung'oe." Nimeshafungua soketi ya pili, msimamizi akapanda ngazi taratibu, akachomoa balbu mbili, akashuka. "Pima tena." Sindano ikapanda hadi mwisho. Nilikuwa napima balbu! Nikarudishwa nyumbani nikajifunze.

Kwa hiyo: zima meni switchi na uhakikishe umeme haupo kweli. Chomoa balbu zote na kila kilichochomekwa. Volti 500 za mega zinaua vifaa vya elektroniki. Saketi breka ziwe ON na swichi za taa ziwe ON, la sivyo utapima nusu ya waya na kujisifia bure. Swichi za njia mbili pima pande zote. Chini ya megaohm 1, usiwashe. Ukimaliza usishike ncha haraka, waya huwa umebaki na chaji.

5. Leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji). Omba daraja linaloendana na cheti chako. Mwenye nyumba anapoomba umeme TANESCO, wiring inatakiwa iwe ya mkandarasi mwenye leseni. Bila leseni utafanya kazi wewe, mhuri atagonga mwingine. Mimi nilikuwa namlipa wa mhuri elfu thelathini kila nyumba, na hata kwenye dari hakuchungulia.

MASWALI

Kibo10: Mkuu nimepitia juu juu, cheti ni bei gani?
— Hatua ya 2. Rudi usome chini chini.

Dogo Site: Kuna jamaa anatoa cheti kwa siku mbili bila kupimwa, vipi?
— Hicho ni kesi, siyo cheti.

Fundi Mkongwe: Miaka 15 natumia tester ya bisibisi, nyumba zote zinawaka. Mega ni mbwembwe. Wewe ulifeli tu.
— Nilifeli, nimeandika mwenyewe. Tester inakuonyesha kama moto upo. Haikwambii kama waya unavujisha ndani ya ukuta. Nyumba mbovu nayo inawaka, mzee wangu.

Binti Waya: Shikamoo kaka. Mimi saidia fundi, mwaka wa pili. Kuna nyumba mega inasoma megaohm 0.4 asubuhi, mchana inapanda 3. Bosi kasema mega mbovu. Kweli?
— Marahaba dada, swali zuri sana. Mega yako naona ni nzima. Huo ni unyevu: plasta haijakauka au kondwiti (bomba la kupitishia waya) imeingia maji, jua likipiga kunakauka kidogo. Zima breka zote, pima saketi moja moja. Na hapa wengi huteleza: nyutro zote zimekutana kwenye baa moja, kwa hiyo breka peke yake haitenganishi. Chomoa nyutro ya kila saketi kwenye baa, pima kila moja na ethi (waya wa ardhini). Ukiipata mbovu, itenganishe katikati kwenye boksi la maungio, pima kila upande.

Binti Waya: Asante! Kumbe ndiyo maana nikizima breka namba ilikuwa haibadiliki.
— Umeshaelewa kuliko nilivyoelewa mimi siku ile.

Mzee wa Kondwiti: Niongezee. Siku hizi kuna waya wa rangi ya shaba ambao ni alumini ndani. Kabla hujalipa, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe, rudisha.

Kibo10: Na sumaku je, haionyeshi?
— Hapana. Sumaku haishiki shaba wala alumini. Kisu. Swali hili lakini zuri, nimekusamehe la kwanza.

Binti Waya: Mrejesho: ni soketi ya nje, kondwiti imejaa maji. Bosi kanyamaza. Kesho naanza kupiga picha DB.