UVIKO-19 kwenye nyumba ya kupanga: kumkinga mzee, kumuuguza mgonjwa na kupata chanjo

Maelekezo mengi ya kujikinga na UVIKO-19 humtaka mgonjwa ajitenge chumbani kwake na atumie choo chake. Kwenye nyumba ya kupanga ya Dar es Salaam, Tanga au Mwanza, yenye korido moja katikati, choo cha pamoja uwani na bomba moja la maji, agizo hilo halitekelezeki. Yapo mengi yanayowezekana, na maelekezo haya yanafuata nyumba ilivyo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, lakini virusi bado vipo. Kijana mwenye afya njema huugua siku chache akapona. Anayelazwa zaidi ni bibi wa miaka 70 mwenye kisukari au presha, na ni kwa ajili yake hasa nyumba nzima inapaswa kujipanga.

Anza na hewa

Virusi vya korona huenea zaidi kupitia pumzi. Mtu akiongea, akiimba au akikohoa hutoa matone madogo mno yasiyoonekana, na kwenye chumba kilichofungwa matone hayo yanaweza kuelea kwa saa kadhaa. Kupulizia dawa barabarani na stendi, kama ilivyofanyika sehemu nyingi mwaka 2020, hakukugusa njia hiyo kabisa. Dirisha linaigusa.

Chumba cha kupanga kwa kawaida kina dirisha moja na mlango unaofungukia koridoni. Hapa wengi hukosea kwa nia njema: wanafungua vyote viwili, upepo unaingia dirishani na kuisukuma pumzi ya mgonjwa hadi koridoni, wanakopita wapangaji wote. Unachotaka ni kinyume chake, hewa itoke koridoni, ipite chumbani na kutokea dirishani. Weka feni dirishani, uso wake ukiangalia nje. Ziba nafasi kubwa pembeni mwake kwa kipande cha boksi ili hewa isirudi ndani. Funga mlango, ila usizibe upenyo wa chini, kwa sababu hewa mpya inaingilia hapo. Feni iliyowekwa sakafuni ikimpulizia mgonjwa usoni inasambaza tu hewa ile ile chumbani.

Kuhakikisha, washa kijiti cha udi, kishike karibu na upenyo wa mlango na utazame moshi. Ukivutwa kuelekea dirishani, umepanga sawa. Ukielekea koridoni, rekebisha feni au boksi. Kisha uzime udi na uutoe nje, maana moshi humzidishia mgonjwa kikohozi.

Pasipo feni au umeme, angalia upepo unakoelekea. Upepo ukivuma kutoka baharini, chumba cha upande wa bara ndicho cha mgonjwa, na ikibidi wapangaji wabadilishane vyumba kwa wiki mbili. Milango miwili ya korido, wa mbele na wa uwani, ibaki wazi tangu alfajiri hadi watu wanapolala. Toa mapazia mazito, na safisha wavu wa mbu dirishani, kwa kuwa wavu uliojaa vumbi huzuia hewa. Chandarua kibaki kitandani. Kinapunguza upepo kidogo, lakini malaria haijasimama kwa sababu ya korona. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani hata mvua ikinyesha: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua mtu mzima asiyeumwa chochote, sembuse mwenye mapafu yaliyochoka.

Mgonjwa anayeweza kukaa, akae nje kivulini mchana, mita 2 au zaidi kutoka kwa wengine. Mzee wa nyumba asilale chumba kimoja na anayekohoa, hata kama ni mjukuu anayempenda. Chakula cha mgonjwa kiwe kwenye sahani yake. Kula sinia moja kungoje hadi apone.

Barakoa, mikono na choo cha pamoja

Anayeuguza avae barakoa ya hospitali kila anapoingia chumbani, ifunike pua na kidevu, na chuma cha juu kibanwe kufuata umbo la pua. Hewa ikipenya pembeni, barakoa haifanyi kazi yake. Ikilowa jasho, badilisha. Ya kitambaa iwe na tabaka tatu, ifuliwe kila siku kwa sabuni na maji ya moto, ikauke juani. Mgonjwa naye avae mtu anapoingia, isipokuwa kama anahangaika kupumua. Watoto walio chini ya miaka 5 wasilazimishwe.

Mikono inaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20 au zaidi. Ndoo yenye koki au kibuyu chirizi kinatosha. Beseni moja linalotumbukizwa mikono na watu wote halifai. Kitakasa mikono kiwe na alkoholi ya asilimia 60 au zaidi, na chupa isiyoandikwa kiwango usiinunue.

Chooni, mgonjwa aingie baada ya wengine kumaliza zamu ya asubuhi. Awe na kopo lake na sabuni yake. Akitoka, mlango au dirisha la choo liachwe wazi kwa muda kabla mwingine hajaingia, na komeo, koki na kitasa vifutwe kwa maji ya klorini.

Maji ya klorini hukosewa mara nyingi, na kosa huanza pale mtu anapokisia kwa macho au kwa harufu. Soma asilimia iliyoandikwa kwenye chupa. Igawanye kwa asilimia unayoitaka, kisha toa moja: jibu ni sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya dawa. Tuseme chupa ni ya asilimia 3.5. Kwa vitasa, meza na sakafu unahitaji asilimia 0.1. Gawanya 3.5 kwa 0.1 upate 35, toa moja ibaki 34. Kwa hiyo ni sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 34 za maji, karibu mililita 30 kwa lita moja, yaani vijiko viwili vikubwa vya mililita 15. Kwa ndoo ya lita 5 weka mililita 150. Palipomwagika damu au matapishi unahitaji asilimia 0.5: kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe sita vya maji.

Safisha kwanza kwa sabuni, kwa sababu uchafu humaliza nguvu ya klorini kabla haijafika kwenye virusi. Paka, acha dakika 10, kisha suuza. Tumia maji ya baridi, changanya upya kila asubuhi, funika na weka mbali na jua. Usiichanganye kamwe na siki, dawa ya choo yenye asidi wala kitu chenye amonia: hutoa gesi inayounguza mapafu. Usimpulizie mtu, hata kidogo.

Homa si korona peke yake

Mtu akipata homa, apimwe malaria kwa kipimo cha haraka kwenye zahanati, hata kama jirani yake amethibitika kuwa na UVIKO-19. Magonjwa hayo mawili yanaweza kumkuta mtu mmoja kwa wakati mmoja. Kikohozi kikifika wiki mbili, apimwe pia kifua kikuu.

Nyumbani, mgonjwa apumzike na anywe maji, uji na supu mara kwa mara. Akiharisha, pakiti moja ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi. Kwa homa na maumivu, mtu mzima anaweza kumeza paracetamol miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Soma maboksi ya dawa za mafua: nyingi zina paracetamol ndani, na akimeza zote pamoja ini ndilo linaloumia. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza.

Azithromycin na antibiotiki nyingine haziui virusi. Chloroquine na ivermectin zilijaribiwa kwa wagonjwa wengi bila kuonyesha faida. Dexamethasone ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu kweli inaokoa maisha, ila ya mgonjwa aliyefikia kuhitaji oksijeni, miligramu 6 kwa siku chini ya uangalizi. Anayeimeza nyumbani akiwa na kikohozi na homa tu hapati faida, anaweza kudhurika, na kama ana kisukari sukari itapanda. Usikubali kuuziwa dukani bila daktari.

Nyungu inaweza kulegeza mafua na kumpa mtu nafuu ya muda, lakini haiui virusi vilivyo mwilini. Inaunguza pia, hasa watoto na wazee wanaofunikwa blanketi juu ya sufuria inayochemka. Lililo baya zaidi ni pale mgonjwa anapofukizwa siku tatu huku oksijeni yake ikishuka.

Dawa za presha, kisukari na VVU ziendelee bila kukatishwa. Asiye na nafasi ya kupima tena akae mbali na wengine siku 10 tangu dalili zilipoanza. Aliyekutwa na virusi bila dalili yoyote, siku 5.

Kujua hali inapobadilika

Hali mara nyingi huharibika katika wiki ya pili, wakati familia imeshapumua ikidhani yamekwisha. Hesabu pumzi asubuhi na jioni. Tumia saa ya simu, tazama kifua kikipanda kwa dakika nzima, na usimwambie mgonjwa unachofanya, maana akijua atabadilisha mwendo wa kupumua. Mtu mzima anayezidi pumzi 30 kwa dakika akiwa ametulia aende hospitali sasa hivi. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, hatari huanzia pumzi 40. Wa miezi 2 hadi 11, huanzia 50.

Kipima oksijeni cha kidoleni kinasaidia kikitumiwa vizuri. Mgonjwa akae ametulia dakika tano, mkono uwe na joto, na uchague kidole kisicho na rangi ya kucha, piko wala hina, kwa sababu rangi huziba mwanga wa kifaa. Subiri namba itulie. Chini ya 94 wasiliana na kituo cha afya; chini ya 90 ni dharura. Jambo moja lijulikane na kila familia ya kwetu: kwenye ngozi nyeusi vifaa hivi mara nyingine huonyesha namba ya juu kuliko ukweli. Namba ikisema 95 na mgonjwa hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, mwamini mgonjwa.

Dalili nyingine za kumkimbiza mgonjwa hospitali ni maumivu au mkazo wa kifua usioisha, midomo au ulimi kugeuka rangi ya kijivu au bluu, kuchanganyikiwa, na usingizi ambao mtu haamki vizuri. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199. Mpeleke kwa gari au bajaji iliyo wazi. Aliyeishiwa oksijeni anaweza kuanguka kwenye bodaboda. Beba dawa anazotumia, daftari la kliniki na kadi ya bima.

Chanjo

Tanzania Bara ilizindua chanjo ya UVIKO-19 tarehe 28 Julai 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipochanjwa hadharani. Shehena ya kwanza ilikuwa ya Janssen, zaidi ya dozi milioni moja zilizokuja kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, na baadaye zikaja aina nyingine. Chanjo haizuii kila maambukizi. Inachofanya vizuri ni kuzuia ugonjwa mkali na kifo. Mzee aliyechanjwa anaweza bado kupata mafua ya wiki moja.

Wanaotangulizwa ni wazee, watu wenye kisukari, presha, magonjwa ya moyo, figo au mapafu, wanaoishi na VVU, wajawazito na wahudumu wa afya. Kwa wengi wa makundi haya hurudiwa kati ya miezi 6 na 12 baada ya dozi ya mwisho. Mjamzito anaweza kuchanjwa, na kipindi kinachopendekezwa zaidi ni miezi mitatu ya katikati. Anayenyonyesha asiache kunyonyesha.

Piga simu au ulizia kituoni kabla hujamsafirisha mzee, kwani akiba hubadilika. Uliza pia siku wanayofungua kichupa. Kichupa kimoja kina dozi kadhaa, na kikishafunguliwa hutumika ndani ya saa chache, kinachobaki kinamwagwa. Ndiyo sababu nesi huwaambia watu wawili wangoje wenzao. Wapangaji kadhaa wakienda pamoja, si rahisi kurudishwa nyumbani.

Siku hiyo mzee ale, anywe maji na ameze dawa zake kama kawaida. Avae nguo inayopandishwa begani kwa urahisi. Amweleze nesi kama amewahi kuvimba uso au kubanwa kifua baada ya sindano, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kama ana homa kali siku hiyo. Baada ya sindano akae kituoni dakika 15, na dakika 30 kwa aliyewahi kupata mzio mkali. Watu huondoka mapema kwa sababu ya foleni ya daladala, wakati mzio mkali, ingawa ni nadra sana, hutokea zaidi ndani ya muda huo, na dawa yake iko pale pale.

Mkono kuuma, homa, uchovu na kichwa kuuma huisha ndani ya siku moja hadi tatu. Paracetamol inamezwa dalili zikitokea, si kabla ya kuchanjwa. Baada ya Pfizer au Moderna, kijana wa kiume akipata maumivu ya kifua au moyo kwenda mbio ndani ya siku chache, aende hospitali. Baada ya Janssen au AstraZeneca, chanjo ambazo sasa zimeondolewa sokoni, tatizo la nadra la damu kuganda lilijitokeza kuanzia siku ya 4 hadi wiki chache: maumivu makali ya kichwa yasiyosikia dawa, kuona ukungu, tumbo kuuma mfululizo, mguu mmoja kuvimba, au vidoti vyekundu kwenye ngozi mbali na palipochomwa. Daktari alihitaji kujua jina na tarehe ya chanjo kabla hajaanza matibabu, kwa sababu heparini, inayotumika kwa kawaida dhidi ya damu kuganda, iliweza kulizidisha tatizo hilo. Kwa chanjo yoyote, beba kadi yako ukienda kwa daktari.