Tipu kwenye meli ya kitalii: soma risiti kwanza

Wale mnaopanda meli pale Miami kwenda kuzurura Karibiani, hii nawapa bure. Meli nyingi za huko tipu inakatwa yenyewe kila siku kwenye akaunti ya chumba chako, kama dola 16 mpaka 20 hivi kwa kichwa na watoto nao kwa kawaida wanahesabiwa, yaani familia ya watu wanne siku saba unakuta dola 450 na ushee zishaondoka hata soda hujagusa. Hapo ndo anapata weita, msaidizi wake na anayesafisha chumba.

Sasa mtego uko kwenye vinywaji. Asilimia 18 au 20 ishawekwa tayari, ila risiti inakuja na mstari mtupu wa kuongeza tipu nyingine, na mimi safari ya kwanza nilikuwa najaza dola tano kwa kila juisi kama bosi, wife ndo kaja kushtuka usiku wa tatu anasoma karisiti na tochi ya simu 😂

Ila yule weita wa meza yenu ya kila usiku, anayekumbuka mpaka kwamba mtoto wenu hali pilipili, huyo mpeni kwa mkono. Usiku wa mwisho, noti ya ishirini kwenye bahasha, andika jina lake, mkabidhi mwenyewe. Noti jamani, sio sarafu, na mtoke nazo nyumbani maana ATM ya melini makato yake mh!