Jinsi ya kupima wenyewe kama ubongo unaamua kabla yako

Hapa Mtwara vijiweni, Shangani hadi Magomeni, huu ubishi haukauki. Mtu kaona video moja ya wanasayansi, keshahitimisha kwamba ubongo unaamua kabla yako, hiari hamna, na aliyekosa asilaumiwe. Mi naona watu wanalimeza haraka mno wakati sehemu kubwa mnaweza kuijaribu wenyewe barazani.

Kwanza lijue jaribio lenyewe. Mwaka 1983 Mmarekani Benjamin Libet aliwakalisha watu mbele ya saa yenye nukta inayozunguka kila sekunde 2.56, wamefungwa waya za kupima umeme wa ubongo, akawaambia kunja mkono muda wowote ukijisikia afu niambie nukta ilikuwa wapi ulipopata hamu ya kuukunja. Umeme ulianza kupanda kama milisekunde 550 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde) kabla ya mkono kucheza, ila ile hamu watu waliitaja kama milisekunde 200 kabla.

Sasa tafuta saa ya ukutani ambayo mshale wa sekunde unateleza, ule wa kuruka tak tak hautafaa. Weka mkono mezani, kodolea macho saa, usipange wala usihesabu, kidole kikitaka kuinuka kiache kiinuke halafu taja mshale ulikuwa wapi ULIPOTAKA, achana na ulipoinua. Rudia, badilishaneni. Hamtachukua muda mtaona watu wanababaika, huyu anataja pale kidole kilipoinuka, yule anaanza kupanga kimoyomoyo mshale ukifika tano naenda. Hapo ndo utaelewa kwamba zile 200 zilitoka mdomoni mwa watu, na mdomo unakosea.

Baada ya hapo jaribuni kuzuia. Mwenzako apige meza ghafla, ukisikia tu usiinue kidole. Kuna wakati utawahi, kuna wakati kimeshaenda. Watafiti wa Berlin walifanya kitu cha namna hii, wakachapisha 2016, kompyuta inasoma umeme wa ubongo inawasha taa nyekundu, na watu waliweza kujizuia mpaka kama milisekunde 200 kabla ya mwendo, maana yake umeme ukishaanza bado unaweza kughairi. Na 2012 mtafiti wa ubongo Aaron Schurger na wenzake walionesha huenda kule kupanda ni shughuli ya kawaida ya ubongo inayopanda na kushuka yenyewe, ikivuka kiwango fulani ndo mkono unacheza, yaani si lazima kule kupanda kuwe uamuzi ulioshafanyika.

Kitu ambacho binafsi nakipa uzito zaidi: kuinua kidole hakuna faida wala hasara. Maamuzi yanayotugusa ni kama lile la wa kangomba (mnunuzi wa korosho wa pembeni, asiyepitia mnada) kuja na hela mkononi kabla ya mnada, ada ya mtoto inadaiwa na korosho zako ziko ndani. Ukisubiri kuamua pale pale unaiona hela, umechelewa. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alionesha kwamba anayepanga mapema kwa sentensi ya "ikitokea hivi, nitafanya hivi" anatimiza zaidi kuliko mwenye nia tupu. Kwahiyo msimu haujaanza, sema kwa sauti: akija wa kangomba, namwambia nazipeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Na mwambie mwenzio wa nyumbani pia, maana asipokukuta wewe ataongea naye.