Yai lililokataa kuelea

Mwaka wangu wa kwanza na Darasa la Tatu hapa Bagamoyo niliumbuka mbele ya watoto 69. Niliwahakikishia kuwa yai huzama kwenye maji ya bomba na huelea kwenye maji ya bahari. Nikatoa kidumu nilichochota asubuhi karibu na soko la samaki, nikamimina kwenye glasi, nikatumbukiza yai. Likaenda chini tii. "Madam, limekataa," akasema mmoja wa dawati la mbele.

Siku hizi somo la kuelea na kuzama naanzia hapohapo lilipoharibika.

Tafuta mayai mabichi yaliyotagwa karibuni. Yai la siku nyingi hujaa hewa ndani, linaweza kuelea hata kwenye maji ya bomba, likakuvurugia kila kitu. Weka glasi mbili mezani, ya maji ya bomba na ya maji ya bahari, kisha waulize kabla hujagusa yai: litazama au litaelea? Hesabu mikono, andika idadi ubaoni. Hapo chunga uso wako. Watoto wanasoma uso wa mwalimu kuliko ubao. Ukitabasamu kwa jibu moja, mikono yote inahamia huko.

Mayai yote mawili yakishazama, usieleze. Uliza tu: "Tufanyeje liinuke?" Wengi watasema tuongeze chumvi. Lakini mwaka ule mtoto mmoja, ambaye baba yake anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, alisema tupunguze maji. Nilimwomba arudie, maana mimi mwenyewe sikuwa nimeliwaza.

Kwa hiyo fanya yote mawili. Makundi yaongeze chumvi kwenye glasi ya maji ya bomba, kijiko kimoja kimoja cha chakula, wakikoroga mpaka iyeyuke ndipo warudishe yai. Glasi ya robo lita huhitaji vijiko viwili au vitatu hivi, wahesabu wenyewe. Kazi ya kupunguza maji ifanye nyumbani, moto na watoto 69 haviendi pamoja. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Ichemshe mpaka ibaki robo lita au pungufu kidogo, iache ipoe, uje nayo darasani. Chumvi ni ileile, maji ndiyo yamepungua, na yai linaelea.

Sasa ndipo useme: yai halikubadilika, maji ndiyo yamekuwa mazito kulishinda. Sentensi hiyo inatosha kwa umri wao.

Maji yanayobaki mimina kwenye sahani pana, anika juani. Baada ya siku chache wataona punje za pembe nne, na ugomvi utaanza kuhusu maji yalikokwenda. Hilo ni somo la wiki ijayo. Ila sahani ziwekwe juu. Ya kundi la tatu ililambwa na mbuzi.