Akaunti ya benki na njia za kulipa: hela inatoka lini, na inarudi?

Kuna watu wana akaunti miaka kibao, kadi ipo, app ipo kwenye simu, ila ukimuuliza kwa nini salio la jana sio la leo na hajanunua kitu anakwambia tu benki wezi. Saa nyingine kweli makato ni mengi, sikatai, ila mara nyingi ni kwamba hamna mtu aliyewahi kukaa akamuelezea. Mimi naona ukishika maswali mawili mengine yanajipanga yenyewe: nikilipa kwa njia hii hela inatoka kwangu lini, na ikishatoka naweza kuirudisha?

Kwanza benki yenyewe. Hela uliyoweka haijakaa kwenye droo inakusubiri, benki imeichukua imekopesha watu wengine kwa riba na wewe unabaki unaidai. Salio ni hilo deni, benki inadaiwa na wewe. Ndo maana nchi nyingi zimeweka bima ya amana, benki ikifilisika unalipwa mpaka kiwango fulani, na kiwango hicho kila nchi ina chake. Kwa hiyo kabla hujafungua popote uliza kama wana leseni ya benki na kama amana zimekatiwa bima na mwisho wake ni kiasi gani. Hasa hizi app mpya, zinakupa kadi nzuri na namba ya akaunti, unajua ni benki kumbe sio, hela yako wameenda kuiweka kwenye benki nyingine. Sio kosa kuzitumia ila ujue hela inalala wapi.

Akaunti zenyewe kwa mtu wa kawaida ni mbili. Ya hundi, ambayo mshahara unaingia na matumizi ya kila siku yanatokea humo, na ya akiba ambayo inakupa riba kidogo na saa nyingine inakubana idadi ya kutoa. Usichague kwa tangazo, omba orodha ya makato, benki inayo hata kama haijabandikwa ukutani. Angalia ada ya mwezi, salio la chini ambalo ukishuka unakatwa, bei ya kutoa kwenye ATM isiyo yao, bei ya kutuma benki nyingine, na ovadrafti, yaani benki ikikuruhusu utumie zaidi ya salio lako. Kufungua utaombwa kitambulisho na uthibitisho wa unapoishi, na maswali ya kazi yako na hela inatoka wapi. Usikasirike, sheria za kuzuia utakatishaji fedha zinawalazimisha kuuliza.

Haya sasa, salio. Hapa ndo watu wengi wanapotea. Ziko namba mbili: salio lililopo, na salio unaloweza kutumia. Ukichanja kadi mashine inauliza benki yako hela ipo? benki inajibu ipo halafu inaizuia hapo hapo, ila haijamlipa muuzaji bado, muuzaji anakuja kuidai baadaye, inaweza ikapita siku moja, mbili au zaidi. Katikati hapo hela ni yako kwa jina tu. Hoteli, magari ya kukodi na vituo vya mafuta ndo balaa zaidi maana wanazuia kiasi kikubwa kuliko utakachotumia, kwa tahadhari, na ikishajulikana bei kamili ile ya ziada inaachiwa taratibu. Ukitumia kadi inayochota moja kwa moja kwenye akaunti basi hela yako ya wiki imefungwa hivyo. Na kinyume chake pia kipo, malipo yamezuiwa, siku zikapita kizuizi kikaisha muda, salio likapanda tena ukadhani umesamehewa ukaitumia, halafu muuzaji akaja kudai chake. Akaunti inaingia hasi, ada ya ovadrafti juu. Kama hutaki hiyo kitu waambie benki waizime, sehemu nyingi inawezekana, malipo yatakataliwa tu basi.

Twende kwenye njia za kulipa na yale maswali mawili.

Keshi inatoka sasa hivi na hairudi. Imeisha hiyo.

Kadi ya debiti inatoka kwenye akaunti yako mwenyewe. Kadi ya krediti ni mkopo, hela ni ya benki mpaka siku ya kulipa bili, na hiyo tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa sababu mtu akiiba namba ya debiti wewe ndo unaanza kuhangaika hela yako irudi, akiiba ya krediti mnabishana kuhusu bili ambayo hujailipa bado. Zote zina utaratibu wa kupinga malipo, mzigo haujaja au umekatwa mara mbili, unaripoti benki na wao wanaidai kwa muuzaji. Kuna muda wa mwisho wa kuripoti kwa hiyo usikae nayo. Ila krediti ina meno yake: lipa bili yote ndani ya muda na kwa kawaida manunuzi hayana riba, lipa kile kiwango cha chini tu na utalipa mpaka uchoke. Na usiitumie kutoa keshi ATM, hapo kwa kawaida riba inaanza kuhesabika siku hiyo hiyo na ada ya kutoa ipo.

Kama mashine ina sehemu ya kuchomeka au kugusisha, tumia hiyo, achana na kuburuza ule mstari mweusi. Mstari una taarifa zile zile kila siku, mtu akinakili amemaliza. Chipu, kile kidude kidogo kwenye kadi, inatengeneza msimbo (code) mpya kwa kila malipo, ukiiba wa leo kesho haufanyi kazi. Kulipa kwa simu ya kugusisha mara nyingi ni bora hata zaidi maana muuzaji hapewi namba halisi ya kadi, anapewa namba mbadala.

Kutuma benki kwenda benki: hii inatoka na kurudi ni kwa huruma ya aliyepokea. Watu wanaogopa kukosea tarakimu, ila hapo kuna ulinzi kidogo, namba ya IBAN kwa mfano, ile ya akaunti ya kimataifa, inafika mpaka herufi na tarakimu 34 na mbili kati yake ni za kukagua tu, ukikosea moja mfumo unaikataa. Namba ya kadi nayo hivyo hivyo, tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, hesabu aliyoibuni Hans Peter Luhn wa IBM miaka ya 1950. Kitu ambacho hesabu haiwezi kukamata ni pale umeandika namba sahihi kabisa ya tapeli. Kwa hiyo ukitumiwa ujumbe kwamba akaunti ya kulipia imebadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, sio iliyoko kwenye huo ujumbe. Jina likitokea kabla hujathibitisha, lisome.

Hundi imepungua sana ila ikikufikia uielewe. Benki inaweza kukuachia hela kabla hundi haijalipwa kweli na benki iliyoitoa. Matapeli wanapenda sana hapo: anakulipa kwa hundi iliyozidi bei, anakuomba umrudishie chenji kwa kutuma, wewe unaona salio limeingia unatuma, baadaye hundi inagonga ukuta na benki inachukua yote kwako. Chenji ulishatuma na hairudi.

Malipo ya kujirudia yako ya aina mbili na watu wanayachanganya. Moja wewe unaiagiza benki itume kiasi fulani kila mwezi, hii unaisimamisha mwenyewe. Nyingine umeruhusu kampuni ije ichukue, na kiasi kinaweza kubadilika. Hiyo ya pili ifute kwa kampuni na benki pia. Usidhani ukipewa kadi mpya basi zile huduma za majaribio ya bure zimekatika, mitandao ya kadi ina mfumo wa kuwapelekea wauzaji namba mpya kimya kimya.

Ule msimbo (code) unaokuja kwenye meseji, isome meseji yote kabla ya kuuandika popote, kwa kawaida imesema unaidhinisha nini na kiasi gani. Anayekupigia anajiita mtu wa benki na anautaka huo msimbo ni mwizi, hata kama anajua jina lako na tarakimu nne za kadi. Kata simu, piga iliyoandikwa nyuma ya kadi. Kadi ikipotea ifunge kwenye app kwanza, kutafuta kwenye mifuko ya suruali ni baadaye.

Na siku ukitaka kuhama benki usianze kwa kufunga ya zamani. Fungua mpya, hamisha mshahara, pitia steitimenti za mwaka mzima utafute malipo yanayojikata (yale ya mara moja kwa mwaka ndo yanasahaulika), acha kahela kidogo kwenye ya zamani mwezi mmoja au miwili uone nani bado anagonga. Pakiwa kimya toa iliyobaki, funga, na udai uthibitisho wa maandishi kwamba imefungwa, maana akaunti uliyoiacha tu bila kuifunga inaendelea kukatwa ada mpaka inakuwa hasi na wanakuja kukudai.