SOMO: Kupunguza vitegemezi visivyo na kazi kabla ya kufunga kifurushi cha Unity

Nimechoka kujibu swali moja: "Nimetengeneza kofia tu, mbona kifurushi kimebeba nusu ya mradi?" Kwa asiyejua: Unity ni programu ya kutengenezea michezo, kifurushi ni faili moja la kuwagawia wengine vitu vyako, na vitegemezi ni mafaili ambayo kitu chako kinayategemea. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Fanya nakala ya mradi mzima. Kazi yote iwe kwenye nakala.

2. Vitu vyako vihamishie kwenye folda moja, ukiwa ndani ya Unity. Ukihamisha faili nje ya Unity ukaliacha faili lake la .meta (Unity huliweka pembeni ya kila faili kutunza utambulisho wake), litapewa guid (namba ya utambulisho) mpya na kila kilichokuwa kikilitegemea kitabaki hakilioni.

3. Bofya prefabu (kitu ulichokihifadhi kikiwa kamili, tayari kutumiwa tena) kwa kitufe cha kulia, chagua "Select Dependencies". Vyote vitakavyochaguliwa ndivyo Unity inavyodhani unavihitaji. Nimesema inadhani.

4. Pitia orodha hiyo, kila kitu kijieleze kimefuata nini. Mara nyingi utakuta prefabu ya aina ya "variant" (inayorithi kutoka prefabu nyingine) iliyomvuta mama yake na ukoo wote (iweke kwenye mandhari, yaani "scene", tumia "Unpack Completely", kisha ihifadhi upya kama prefabu mpya). Au utakuta skripti ya majaribio uliyoibandika ukaisahau. Na kama unafunga mandhari nzima, angalia ramani za mwanga zilizookwa (picha za mwanga uliokokotolewa mapema). Zina uzito kuliko unavyofikiri.

5. Materiali (kinachokivalisha kitu rangi na picha zake). Hapa ndipo watu wanapoanguka, kwa hiyo soma taratibu.

Ukibadilisha sheda ya materiali (programu ndogo inayoamua uso uchorwe vipi), picha ulizoziweka kwenye sheda ya zamani hazifutiki. Kwenye Inspector (dirisha la mipangilio ya kitu) huzioni tena kwa sababu sheda mpya haina nafasi zake, lakini ndani ya faili zimebaki, chini ya m_SavedProperties. Unity ikihesabu vitegemezi inazihesabu na hizo. Ndiyo maana kofia ya rangi moja inasafiri na picha za ngozi ya joka ulilokuwa unalijaribia.

Dawa ni hii: chagua materiali, kwenye menyu ya nukta tatu ya Inspector washa "Debug", fungua "Saved Properties", kisha "Tex Envs". Kila mstari una jina la nafasi na picha yake. Ondoa picha kwenye nafasi ambazo sheda ya sasa haizitumii. ONYO: usifute kwa kukisia. _MainTex na _BumpMap hutumiwa na sheda nyingi sana. Ukiziondoa unapoteza rangi na mikunjo. Rudi kwanza kwenye hali ya kawaida, andika pembeni picha zinazoonekana, ndipo uingie kusafisha. ONYO la pili: kudurufu materiali kwa Ctrl+D hakusaidii, uchafu unadurufiwa nao. Kama hujiamini, unda materiali mpya kabisa, chagua sheda, weka picha zinazohitajika tu, kisha uivalishe kitu chako badala ya ile ya zamani.

6. Rudia hatua ya 3. Orodha ikiwa fupi na unaweza kuieleza yote, chagua "Export Package". Ukiacha alama kwenye "Include dependencies", mara nyingi skripti za mradi zitajipanga humo hata zisizohusika. Ondoa alama za zile usizozitumia, moja moja.

7. Ingiza kifurushi kwenye mradi mtupu. Usikijaribu kwenye mradi ulikotoka, kule kila kitu kipo tayari, hutagundua kilichokosekana.

MASWALI

chuma_mbili: Nimeondoa alama zote nikabakisha prefabu. Sasa kila kitu ni pinki. Somo lako limeniharibia kazi.

Jibu: Hatua ya 6 inasema uondoe usizozitumia, haijasema zote. Pinki maana yake materiali au sheda haipo, au sheda haiendani na mfumo wa uchoraji ("render pipeline") wa mradi huo. Nakala ya hatua ya 1 unayo?

chuma_mbili: Sikufanya nakala.

Jibu: Mradi wenyewe haujaguswa, kufunga kifurushi hakufuti kitu. Funga tena. Na anzia hatua ya 1.

mshona_avata: Samahani mwalimu, kwa nini materiali itunze picha isizozitumia? Si ingezifuta tu?

Jibu: Swali zuri. Ni kwa faida yako. Ukijaribu sheda nyingine kisha ukarudi ya kwanza, picha zako zote unazikuta mahali pake. Na sheda nyingi zinatumia majina yale yale ya nafasi, ndiyo maana ukibadilisha, picha kuu hubaki bila kuiweka upya. Ukitaka kuona kwa macho, fungua faili la .mat kwa kihariri cha maandishi chochote, mradi ukiwa umewekwa "Force Text" (mafaili yahifadhiwe kama maandishi). Kila picha imeandikwa kwa guid ya herufi na tarakimu 32. Itafute guid hiyo kwenye mafaili ya .meta, utajua ni picha gani.

mshona_avata: Nimeikuta! Picha tatu za nywele kwenye materiali ya viatu.

Jibu: Karibu chamani.

bwana_fupi: Nitumie tu kifurushi kilichosafishwa nione.

Jibu: Hapana. Vingine humo nimenunua, na leseni hairuhusu kuvigawa. Nawe ukikuta kitu cha kununua kwenye orodha yako, kitoe, uwaandikie watu wakitafute wenyewe.

kiungo_hai: Nyongeza kwa wenye miondoko: ukitumia mwondoko mmoja kutoka kwenye FBX (faili la modeli ya 3D pamoja na miondoko yake), faili zima la FBX linakuja. Ufungue huo FBX, chagua mwondoko, Ctrl+D, unapata faili la .anim linalojitegemea. Kisha uelekeze Animator (kinachoendesha miondoko ya kitu) kwenye hilo.

Jibu: Asante, hili nililisahau. Hapa Ctrl+D inafaa, tofauti na kwenye materiali.

mshona_avata: Na picha nikizipunguza hadi 512 kwenye mipangilio, kifurushi kinapungua?

Jibu: Hakipungui. "Max Size" inagusa picha itakayotumika ndani ya Unity. Kifurushi kinabeba faili la asili. Kama ni PSD ya 4096 yenye tabaka zote, linakwenda hivyo hivyo. Ihifadhi kama PNG ndogo kwanza, ndipo uifunge.