Namna ya kutengeneza ubao wa kupima samaki wakubwa, na ile sifuri yenye ilinikulia siku mbili

Juzi-juzi jioni mdogo wetu mmoja wa hapa Panzi, Bukavu, alikuja kwangu na kaye yake, anaandika kazi ya mwisho ya masomo juu ya kambale wa mabwawa ya Nyangezi. Akaniambia, yaya, huyu kambale nimemupima mara tatu, mara ya kwanza 74, mara ya pili 76 na nusu, mara ya tatu 75, sasa niandike gani? Nikamuuliza unapima na nini, akatoa mu sakoshi metre ya fundi wa nguo. Njo nikaelewa. Ile metre ya kitambaa inavutika, halafu alikuwa anaipitisha juu ya mwili wa samaki kuanzia mdomo mpaka mukia, kwa hiyo alikuwa anapima mviringo wa tumbo. Samaki akishiba anakuwa "mrefu", akilala na njaa anakuwa "mfupi".

Kwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, hiyo shida haiko, rula ya shule inatosha, sambaza ni kidole tu. Lakini kambale anaweza kupita mita moja na nusu, na sangala wa Tanganyika wenye wanapanda huku na barafu kutoka Uvira nao si wa kucheza. Na kosa la urefu halibakie ku urefu. Uzito wa samaki unaenda karibu na urefu mara urefu mara urefu, kwa hiyo ukikosea sentimita 2 ku samaki wa 75, siku utatafuta uzito kupitia urefu utakuwa umekosea karibu asilimia 8. Kwa mutu mwenye anahesabu chakula ya bwawa nzima, hiyo ni magunia.

Tulitengeneza ubao wake pamoja jumamosi na jumapili, na hapa naandika vile tulifanya.

Hatua ya 1: chagua urefu

Chukua samaki mkubwa kabisa mwenye unafikiri utapata, ongeza sentimita 20. Sisi tulichukua sentimita 120, upana 25. Ukitaka mita moja na nusu sawa, lakini ujue utaibeba mu taksi-bisi, na kuanzia Bukavu mpaka Uvira mu ile barabara ubao wa mita moja na nusu unagonga vichwa vya watu njia nzima.

Hatua ya 2: mbao

Libuyu. Mbao ya libuyu ya kukauka, unene sentimita 2 na nusu mpaka 3, ku soko ya Kadutu unaipata. Watu watakuambia chukua kalitusi juu ni bei nafuu, mimi nakataa. Kalitusi mbichi ikikauka inajipinda kama paa ya nyumba, na ubao wa samaki unalowa na kukauka kila siku. Triplexi nayo nakataa, hata ile nzito, maji inaingia pembeni na baada ya miezi inafunguka karatasi karatasi.

Hapa ku duka usione haya. Inua mbao, funga jicho moja, angalia kando yake kama unalenga bunduki. Ukiona imepinda au imejikunja, rudisha, chukua ingine. Mbao ikilowa inavimba sana ku upana na kidogo sana ku urefu, kwa hiyo usiogope kwamba sentimita zako zitarefuka, adui ni kujipinda. Njo maana chini ya ubao tulipigilia vipande viwili vya kukingama, vinaushika usijikunje na pia vinakuwa miguu.

Kuna wenye wanapasua tuyo ya PVC ya milimita 200 kwa urefu wanapata kama mtumbwi. Kwa kambale wazazi, wale wa kuzalisha wenye unataka kurudisha mu bwawa wakiwa wazima, ile tuyo ni muzuri sana, haikwaruzi ngozi na samaki hawezi kubingirika. Lakini sifuri yake ni ngumu kuweka, na kwa mutu mwenye anaanza mimi nasema anza na mbao.

Hatua ya 3: randa na msasa

Randa, msasa, ondoa pembe zote zenye kukata. Fundi mbao yeyote anakufanyia.

Hatua ya 4: ukuta wa kichwa na ukuta wa mugongo

Unahitaji kuta mbili. Ya kwanza inasimama ku mwisho wa kushoto, hapo njo mdomo wa samaki utagusa, kimo sentimita 15. Ya pili inafuata urefu wote upande wa mbali na wewe, kimo 10, ili samaki mkubwa asitelezee upande ule. Visi zinaingia kutoka chini, si misumari, juu msumari unalegea na siku moja ukuta unacheza na hujui.

Ukuta wa kichwa usimame wima kabisa. Kama huna ekeri ya fundi, ile ya kupima pembe mraba, pima sentimita 30 ku ubao kuanzia ukuta wa kichwa, pima 40 kupanda ku fimbo yenye umeegemeza sawasawa ku uso wa ule ukuta, halafu kutoka nukta moja mpaka ingine lazima upate 50. Ukipata 50 na nusu ukuta umelala nyuma, ukipata 49 na nusu umeinamia mbele. Weka kipande cha karatasi ngumu chini ya upande wenye unataka kuinua, kaza visi, pima tena.

Hatua ya 5: metre na sifuri

Hapa soma polepole. Na kabla ya kubandika metre, mbao ipate kwanza vernisi yake, angalia hatua ya 6.

Ubao wangu wa kwanza nilinunua metre ya chuma, ile ya kujikunja mu kisanduku, nikaikata, nikaibandika, nikaenda ku ziwa siku mbili nzima kupima. Kurudi, mwenzangu akaleta ubao wake, tukapima samaki mmoja ku zote mbili, wangu unasema 41, wake unasema 40. Kumbe wakati nilikata ile ndoano ya mbele nilikata pamoja na sentimita ya kwanza, halafu nikasukuma mwisho wa metre mpaka ukutani. Samaki wote waliongezeka sentimita moja. Nikasema sawa, nitatoa moja ku kila namba, kazi imeisha. Haikuwa hivyo, juu ukuta wangu pia ulikuwa umelala nyuma kidogo. Kambale, kichwa chake ni bapa, unamulaza ku tumbo na mdomo unagusa ukuta chini. Sangala unamulaza ku ubavu, na akiwa mnene mdomo wake unagusa ukuta juu zaidi. Kwa hiyo kosa halikuwa moja kwa wote, kila samaki na kosa lake, na hakuna hesabu ya kulitoa. Siku mbili, kurasa nzima za kaye, nilizifuta zote. Iliniuma, na njo maana naandika hii hatua kwa urefu.

Sasa fanya hivi.

Kwanza usiamini ndoano ya metre. Ile ndoano inacheza, na wengi wanafikiri imeharibika, hapana, imetengenezwa icheze sawa na unene wake, ili ukivuta kutoka nje au ukisukuma ndani upate namba ileile. Ikibandikwa ku ubao haina kazi tena, inakuongopea tu. Pia usiamini rula ya plastiki ya shule, nyingi zina nafasi kidogo kabla ya sifuri.

Amini karatasi. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297, dunia nzima. Chukua moja mu rame mpya, isiwe imelowa wala kukunjwa. Egemeza ukingo mmoja ku ukuta wa kichwa, upande mfupi ufuate urefu wa ubao, halafu mwisho wake piga mstari na kisu chenye makali, si kalamu ya makeri, juu mstari wa makeri peke yake una milimita nzima. Hapo njo sentimita 21 kamili. Geuza karatasi, upande mrefu, piga mstari wa pili, hapo ni 29.7.

Sasa kata metre popote kati ya 5 na 10. Hauhitaji sifuri yenyewe! Samaki wakubwa hawafike hapo chini, sifuri yako ni ukuta. Lengesha alama ya 21 ya metre ku mstari wa kwanza, angalia kama 29.7 inaangukia ku mstari wa pili. Zikikubaliana zote mbili uko salama. Zikikataana, ama umelaza metre upande, ama metre yenyewe ni mbovu, na metre mbovu ziko nyingi, badilisha.

Chagua metre yenye sentimita pande zote mbili kama unapata. Zile zenye inchi upande mmoja, hakikisha upande wa sentimita unakuangalia wewe, juu jioni ukichoka jicho linasoma inchi na mkono unaandika.

Kole: usitumie kole ya viatu. Ile inashika mara moja, ukikosea milimita mbili hauwezi kusogeza. Tumia ile ya tube mbili ya kuchanganya, inakupa dakika chache za kulengesha. Metre ya chuma ina mgongo, haitaki kulala, kwa hiyo weka nailo juu, juu ya nailo kipande cha mbao nyoofu, juu yake matofali, na kabla ya kuondoka angalia tena alama ya 21 juu matofali yanasukuma. Ilale hivyo usiku mzima. Asubuhi pima tena na karatasi. Mdogo wetu alitaka kuruka hii, nikamukatalia, na kweli ilikuwa imeteleza karibu milimita moja, tukaibandua tukarudilia tungali na muda.

Na wale wa kuchapisha metre ku karatasi ya kunata: mashine za kuchapa mara nyingi zinapunguza ukurasa kidogo ili uingie vizuri, na kwa macho hauoni. Kama huna njia ingine, ipime na A4 kabla ya kulipa.

Hatua ya 6: vernisi

Mbao inapakwa vernisi mara tatu kabla ya metre, acha ikauke kabisa kila mara, na mahali pa metre kwaruza kidogo na msasa ili kole ishike. Juu ya metre paka mara moja tu, lakini kwanza jaribu ku kile kipande ulikata na kutupa, juu kuna vernisi zinafuta namba. Ncha za metre zenye ulikata, pale kutu inaanza, ziba na vernisi ya kucha, ile ya dada zetu, hakuna ingine yenye inafanya vizuri kama ile.

Hatua ya 7: jaribu kabla ya samaki

Panga karatasi tatu za A4 kwa urefu, zigusane bila kupandana, kuanzia ukutani. Lazima usome 89.1. Ukisoma 89 au 89.2 sawa, ukisoma 88.5 rudi hatua ya 5.

Kupima sasa

Kichwa kushoto, mdomo ufungwe, uguse ukuta bila kusukumwa. Ndevu za kambale hazihesabiwe, ni ncha ya pua. Unyooshe mwili, halafu tumia kipande cha mbao cha pembe mraba, kitelezeshe ku ukuta wa mugongo mpaka kiguse mwisho wa mukia, soma hapo, na jicho lako liwe juu kabisa ya alama. Ukisoma kutoka upande unaongeza au unapunguza milimita kadhaa bila kujua.

Amua mapema unapima urefu gani na uandike juu ya kila ukurasa. Urefu mzima, mpaka ncha ya mukia. Urefu mpaka kwenye mgawanyiko wa mukia, kwa wale wenye mukia wa pacha. Ao urefu mpaka pale mwili unaishia na mapezi ya mukia kuanza, huu ni muzuri kama mikia imeraruka mu nyavu. Kambale mukia wake ni wa duara, mgawanyiko hauko, kwa hiyo chukua urefu mzima. Usichanganye mu kaye moja.

Samaki wa barafu kutoka Uvira anafika amekakamaa na amejikunja, usimuvunje, muache alegee kwanza. Wa kuchomwa na moshi amekauka na kufupika, huyo hana nafasi ku orodha ya wabichi. Kambale mzima: lowesha ubao kwanza, mufunike macho na kitambaa chenye maji, anatulia, na chunga ile miiba miwili ya mapezi ya kifua, inachoma sana. Ukiona unapita nusu dakika, murudishe mu maji, upumzike, uanze tena.

Ukimaliza osha na maji baridi na brosi laini, kausha kivulini ubao ukisimama, usiulaze juani. Mdogo wetu ameweka karatasi moja ya A4 mu sashe ya nailo, anatembea nayo ndani ya kaye, na kila asubuhi kabla ya samaki wa kwanza anaigusisha ukutani na kuangalia 29.7.